Mishikaki ya Nyumba ya Viwavi

Barno hakupiga hodi. Jirani wa ukuta kwa ukuta hapigi hodi, anakohoa tu langoni na kuingia. Siku ile alikohoa akiwa ameshika sahani kwa mikono miwili, na juu ya sahani mkate umekunjwa kama mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo. Harufu ilimtangulia mpaka kwenye kitanda cha uani, chini ya mzabibu, ambako Bi Lutfiniso alikuwa anachambua mchele.

"Onjeni," alisema. "Mume wangu kaniletea. Msiniulize kutoka wapi, mimi mwenyewe nimemuuliza mpaka mate yamenikauka. Ananiambia, 'Kula, mwanamke, nyama haiulizwi kwao.'"

Bi Lutfiniso akaufunua mkate. Mishikaki ilikuwa imeshachomolewa kwenye vyuma vyake, imelala kwenye mkate ulioloa mchuzi, kila vipande viwili vya nyama vikifuatwa na kimoja cha mafuta ya mkia wa kondoo, kimekauka pembeni na kung'aa katikati. Alichukua kipande kidogo ili asionekane mlafi. Akatafuna, akafumba macho. Kisha akachukua kikubwa, bila kujali anaonekanaje.

"Ee Mungu wangu! Aliyechoma hii, mama yake alimzaa siku ya sikukuu. Oydin! Acha hiyo ndoo, njoo uonje kabla sijasahau kwamba nina mkamwana."

Oydin akaja akijifuta mikono kwenye gauni. Kwanza aliusikia ulimini mwake moshi, moshi wa kuni za mwaprikoti wala si makaa ya duka. Ikaja chumvi. Kisha, nyuma ya vyote, ukaja ukali mdogo uliomfanya asimamishe taya. Ule haukuwa ukali wa siki. Ulikuwa ukali wa zabibu changa, zile za kijani ambazo hazijajua jua. Kitunguu kilikuwamo, lakini maji yake tu. Mbegu za giligilani zilikuwa zimefikichwa kwa kiganja, hazikutwangwa.

Kule bondeni Fergana kila mtu anachoma nyama, na kila mtu anatia siki. Zabibu changa ilikuwa akili ya Oydin mwenyewe, siku moja ya wageni siki ilipowaishia. Alichuma vichala kwenye mzabibu huu huu, akavikamua kwa kitambaa pamoja na vitunguu, makapi akayatupa ili yasiungulie kwenye nyama. Hakufundishwa na mtu, na hakumfundisha mtu. Aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya kitambaa alikuwa mumewe, Mirolim, baba wa mtoto wao Robiya. Na Mirolim tangu masika alikuwa Urusi, anajenga maghorofa kwenye mji ambao Bi Lutfiniso hakuweza kutamka jina lake, lakini alilitamka kwa kila mtu.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Barno.

"Imeniunguza ulimi."

"Nyama imeshapoa, imekuunguzaje?" Barno akaketi ukingoni mwa kitanda, maana alikuwa hajamaliza alilolijia. "Haya, na baba Robiya ametuma nini mwezi huu? Mtoto wa Sobira kamtumia mama yake mashine ya kufulia. Inafua yenyewe, inakamua yenyewe, halafu inaimba."

"Mwanangu anatuma pesa," alisema Bi Lutfiniso. "Pesa haiimbi, lakini inasikika."

Ilikuwa kweli. Kila mwisho wa mwezi mtu asiyejulikana aliacha bahasha kwa muuza mkate, na Oydin alipozifungua zile noti zilikuwa na harufu ya bizari. Alidhani ni harufu ya muuza mkate.

Sahani ya jirani hairudi tupu. Oydin aliijaza forosadi nyeusi, akamrudishia Barno, akatabasamu palipotakiwa tabasamu. Kama Mirolim yuko Urusi, nani anakamua zabibu changa huku kwetu? Na kama hayuko Urusi, yuko wapi, na kwa nani? Mtaani walijua habari za wanaume wa namna hiyo. Mmoja alirudi baada ya miaka miwili na mke wa pili na mapacha, akasema ni wapangaji. Mke wa kwanza alirudishwa kwao na godoro lake.

Kabla ya jua kuzama simu ililia. Mirolim alikuwa anapiga kwa mtandao, sauti tu, picha haikuwahi kuja. Mtandao wa kule, alisema siku zote, ni dhaifu.

"Hamjambo? Mama hajambo?"

"Hatujambo. Huko hali ya hewa?"

"Mvua. Baridi bado, Juni nzima." Akakohoa kidogo.

"Umekula nini?"

"Viazi. Wanatupa viazi tu hapa."

Nyuma yake sauti nene ya mwanamume, kwa lafudhi ya Kokand, mji wa hapa hapa bondeni, ikapaza kama inayomwita fundi: "Usta! Maini mawili, na mafuta ya mkia usininyime kama jana!"

Oydin akaibana simu sikioni.

"Nani huyo?" aliuliza Oydin.

"Wenzangu. Wanatania. Wanaota nyama, maskini." Akacheka peke yake. "Haya, salio la bando linaisha."

Simu ikakatika. Oydin aliishika bado sikioni, na mama mkwe wake alipouliza mwanangu anasemaje, akajibu, "Anasema kuna mvua."

* * *

Asubuhi alimkuta Ergash, mume wa Barno, anaosha gari kando ya mfereji. Ergash alikuwa dereva wa abiria wa Kokand, mtu mnene, mpole, mwenye mke msemaji.

"Asalam aleikum, kaka Ergash."

"Waaleikum salam, shemeji."

"Ile nyama ya jana."

Sifongo likasimama. "Ilikuwa na kasoro?"

"Ilikuwa tamu. Mama anataka kujua inauzwa wapi."

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali... barabarani."

"Kaka, wewe ni dereva. Kwako kila mahali ni barabarani."

Ergash akatazama lango lake, akatazama mfereji, akakamua sifongo mpaka likabaki kama mkate uliokaliwa. "Utacheka."

"Sicheki."

"Utamwambia Barno."

"Simwambii."

Akainama. "Nyumba ya Viwavi," alinong'ona.

Oydin hakucheka. Alishika pua, bila kujua kwamba ameishika. Hakuna mtu wa kwao ambaye asingefanya hivyo. Kila masika viwavi wa hariri hupewa vyumba vya kulala na wenye nyumba hulala uani. Viwavi hula majani ya mforosadi usiku na mchana, na wakishajifunga ndani ya vifuko vyao, vifuko vilikuwa vinapelekwa nyumba ile, vikikaushwa kwa mvuke na mdudu humo humo. Uvundo wake uliingia kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Nyumba ilifungwa miaka mingi iliyopita walipojenga nyingine kubwa mjini, na mvua zimeshaiosha mara ngapi. Lakini wenyeji bado wakipita pale huziba pua.

"Nilikuwa na abiria wa Namangani," Ergash alijitetea. "Akaona malori yamejipanga, akasema simama. Nikamwambia, ndugu yangu, humu tulikuwa tunachemsha wadudu. Akasema, mimi nina njaa, sina historia. Akaingia, akatoka na mishikaki, akanipitishia dirishani. Ningekataaje? Wa kwanza nilikula kwa heshima ya mgeni."

"Na wa pili?"

"Wa pili nilishuka kwenye gari." Macho yake yakang'aa, sauti ikasahau kunong'ona. "Shemeji, nimekula Tashkent, nimekula Samarkandi, nimekula kwenye harusi ya mtoto wa mkuu wa wilaya. Sijawahi! Nilisimama mlangoni nimeshika pua kwa mkono huu, na kwa mkono huu nanyoosha kidole, niongezee!"

"Anayechoma ni nani?"

"Sikuingia ndani, wallahi. Kuna giza, moshi unapanda kwenye matundu ya paa, barabarani huuoni. Na mwenyewe kajifunga kitambaa usoni."

"Atajifungaje kitambaa kama hana cha kuficha?" alisema Oydin, lakini alijisemea mwenyewe.

* * *

Mkamwana hatoki peke yake kwenda barabara kuu. Oydin alijua hivyo, na alijua pia udhaifu wa mama mkwe wake. Wakati wa chai alisema tu, polepole, kwamba Ergash anapajua mahali pa ile nyama, na leo anapita huko na gari tupu.

"Wanawake kwenda kula barabarani?" alisema Bi Lutfiniso. "Kati ya madereva? Watu watasema nini?" Akanywa chai. "Ni mbali?"

"Si mbali."

"Tutanunua, tutakula nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Hatutashuka garini." Akasimama kwenda kutafuta kilemba chake cha hariri, kile cha kuendea harusini.

Robiya aliachwa kwa Barno, aliyeambiwa wanaenda kutafuta dawa ya mgongo. Njiani Bi Lutfiniso alichangamka kama msichana. Alisimulia nyama aliyokula siku ya harusi yake, nyama ya kuzaliwa Mirolim, na vile atakavyomchinjia kondoo Mirolim akirudi. "Maskini mwanangu, viazi tu! Nikionja leo nitamlilia." Ergash aliendesha shingo imezama mabegani. Oydin alikaa nyuma, amefumba ngumi mapajani. Alikuwa ameshapanga la kumwambia huyo mke wa pili aliyemdhania, kisha akalipangua, akalipanga upya.

Gari likaacha lami. Malori manane yalikuwa yamesimama kwenye vumbi, na mbele yake ukuta mrefu wa udongo usio na dirisha hata moja, umepasuka, umeota majani juu. Hapakuwa na kibao wala meza. Mlango ulikuwa wa bati, na mtu amechora juu yake kwa chokaa: TUPO.

"Mbona tunasimama hapa?" aliuliza Bi Lutfiniso. Hakuna aliyejibu. Akatazama vizuri, na uso wake ukabadilika. "Humu?"

"Mama, pameshakuwa pengine," alisema Ergash.

"Pengine! Masika mangapi nilibeba vifuko kuja humu, mgongoni, mtoto tumboni! Kulikuwa na mpimaji hapo ndani. Alitia mkono kwenye gunia langu, mbele ya wanawake wote, akasema vifuko vyako vina maji. Akaunusa mkono wake, akasema, na wewe mwenyewe unanuka. Wakacheka. Nilikuwa na umri wa huyu." Akamwonyesha Oydin kwa kidevu. "Siingii. Nenda ukanunue, binti. Nitakula hapa hapa nimefumba macho."

Oydin alishuka. Akausukuma mlango wa bati.

* * *

Ndani palikuwa na kelele kama mnadani. Zile chanja za matete walizokuwa wanatandaza vifuko zilikuwa zimeshushwa chini na kutandikwa mablanketi, na wanaume wamekaa juu yake wamekunja miguu, kofia kando, mikono imeng'aa mafuta. "Usta, sita!" "Usta, mimi nilisema kabla ya huyu!" "Muongo, wewe umekula mara mbili!" Paa lilikuwa juu sana, limetobolewa matundu tangu enzi za mvuke, na mwanga wa jua ulishuka kwenye kila tundu kama nguzo, moshi ukipanda ndani yake. Chini, mtaro mrefu wa chuma uliokatwa kutoka bomba la maji ulijaa makaa mekundu. Mishikaki ilikuwa imejipanga juu yake kama meno ya kitana. Mafuta yalidondoka, makaa yakasema *fyuu*, na harufu ikainuka ikamgonga Oydin kifuani, akasahau kwa pumzi moja kilichomleta. Ilikuwa harufu ya uani kwake, lakini imekuzwa, kama wimbo wa jikoni ulioimbwa na watu mia.

Palikuwa na kikapu cha zabibu changa, na kitambaa kilichokamuliwa vizuri, na lundo la makapi ya vitunguu. Na mgongo wa mwanamume aliyesimama uzito wote kwenye mguu wa kushoto, msimamo alioujua miaka yote.

Mke wa kwao hamwiti mumewe kwa jina. Oydin hakuwahi, hata wakiwa wawili chumbani. Ni baba Robiya, au "wewe," au kikohozi.

"Mirolim!"

Wanaume wote waligeuka. Mirolim akageuka mwisho. Akashusha kitambaa usoni. Mkononi alikuwa na kipande cha boksi cha kupepea moto. Katika maneno yote aliyokuwa ameyaandaa kwa ajili ya siku hiyo, likatoka hili moja:

"Umekula?"

"Nasikia Urusi kuna mvua," alisema Oydin.

"Subiri nikueleze."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamke. Anayekukamulia vitunguu. Wewe hujui kukamua, unaacha maji."

"Mimi! Ni mimi! Tazama mikono!" Akalitupa boksi, akanyoosha mikono, na ilikuwa imebabuka, imepasuka kwa ukali wa zabibu, imeungua vidoleni. Oydin aliitazama kidole kwa kidole.

"Dada," alisema mzee mmoja dereva kutoka kwenye chanja yake, ameweka mkono kifuani. "Mwanamke wa kwanza kuingia humu ni wewe. Tunashuhudia wote. Huyu analala pale, na paka."

Kule garini Bi Lutfiniso alikuwa amelisikia jina la mwanawe likiitwa kwa sauti ya mkamwana wake. Hakuuliza. Alikuja ameinua gauni, kilemba kimemkaa upande, akapita mlango aliokuwa ameapa kutoupita, na akasimama. Akamwona. Kisha akainama, akavua kiatu chake cha mpira.

"Mama, ngoja."

"Mvua!" Kiatu kikatua begani. "Viazi!" Kikatua tena. "Nilikulilia kila mlo! Kila nikila mkate nasema mwanangu hana mkate!"

Mirolim hakujikinga. Alisimama akipigwa kama anayestahili, na nyuma yake makaa yakaanza kuwaka moto wa juu.

"Mama mpendwa," alisema yule mwenye lafudhi ya Kokand kwa adabu kubwa, "mpige tu, ni haki yako. Lakini mishikaki yangu inaungua."

Hapo Oydin aliruka. Aliokota boksi, akapita kati ya mama na mwana, akazima miali kwa kupepea kwa chini, akageuza mishikaki safu nzima, fungu kwa fungu, akanyunyiza maji ya chumvi pale mafuta yalipoanza kuwaka. Hakufikiri. Uso ulimwiva. Alipoinua macho, mishikaki ilikuwa imeiva, rangi ya asali, na wanaume wanamtazama.

"Nani ana sita?" aliuliza.

Mikono yote ikainuka.

* * *

Walikaa watatu kwenye chanja ya pembeni, Ergash akiwagawia madereva chai na kusahau kuziba pua. Mirolim aliongea ameinamisha kichwa. Mpakani walimrudisha. Safari yake ya kwanza, ile ya zamani, alikuwa amekaa kule kupita muda wa kibali, na jina lake lilikuwa limefungiwa kwa miaka. Hakujua. Basi likaendelea na wenzake, yeye akabaki na begi.

"Ningerudije, mama? Ulikuwa umeshauza ng'ombe. Mtaa mzima ulikuja kuniaga, mpaka imamu akaniombea dua. Ningepitaje langoni siku ya tano, mikono mitupu?"

"Kwa miguu," alisema Bi Lutfiniso. "Ungepita kwa miguu."

"Nikasema nitafute mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu atakayetia mguu. Mlinzi wa hapa akaniachia jengo, anasema hata mbwa hawalitaki. Nikaanza na maini, kwa madereva wa mbali, wasiojua. Halafu nikakumbuka ile nyama ya..." Akamtazama mkewe, akatazama chini. "Ya kwako. Siku ya kwanza walikuwa watatu. Siku ya pili wale watatu wakaja na wenzao. Sasa wengine wanazunguka njia ili wapite hapa. Mimi mwenyewe sielewi."

"Mimi naelewa," alisema Oydin.

"Nilitaka nisubiri mpaka vuli. Niende Kazakistani kidogo, nirudi kutoka huko na mizigo kama mtu. Hakuna ambaye angejua."

"Ningejua mimi." Oydin hakupaza sauti. "Tangu jana najua. Tangu jana nimeshakuzika, nimeshakuozesha mke wa pili, nimeshafunga godoro langu. Kila ukikohoa kwenye simu, nakaa nakufumia soksi. Juni! Nafuma soksi ya sufu chini ya mzabibu, watu wananiuliza kama nina homa." Akapumua. "Huendi Kazakistani. Hiyo nyama ni yangu. Ukienda, inabaki hapa na mimi, na mtu akiniuliza mume wangu yuko wapi nitamwambia ukweli wote, kwa sauti ya Barno."

Yule dereva mzee akapiga goti lake. "Kumbe usta mwenyewe ni huyu!"

Mirolim hakukasirika. Alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyetua mzigo na bado anautafuta mgongoni. Kisha akamgeukia mama yake, kwa kuwa neno la mwisho halikuwa la Oydin, na wote watatu walilijua hilo. Nyumba ile ilikuwa ya Bi Lutfiniso, na heshima iliyoliwa ilikuwa yake. Angeweza kusema, ufe huku huku na paka wako.

Bi Lutfiniso alikuwa hajagusa sahani. Alikuwa anatazama kona ya mbali, karibu na mlango.

"Mzani ulikuwa pale," alisema.

"Pale ndipo ninapokatia nyama, mama."

Akaendelea kutazama. Dereva mmoja alikuwa amesimama pale pale kwenye kona, kijana mwenye masharubu, anabembeleza aongezewe kipande kimoja tu, ameweka mkono moyoni kama anayeposa.

"Anabembeleza," alisema Bi Lutfiniso.

"Kila siku, mama."

Akachukua mshikaki. Akatafuna taratibu kwa meno yaliyobaki, na safari hii hakufumba macho, aliyaacha wazi kabisa, akaangalia paa, matundu, nguzo za mwanga, wanaume waliojaa mafuta mpaka viwikoni. Akamaliza wote. Akajifuta vidole kwa mkate na kuula mkate.

"Chumvi imepungua," alisema. "Vaa viatu. Tunarudi nyumbani."

"Nitakuja giza likiingia, mama. Ergash atanipitisha kwa nyuma—"

"Sasa hivi. Na garini tutashuka penye daraja."

* * *

Kutoka darajani hadi nyumbani mtaa una malango pande zote mbili, na saa ile ya jioni kila mwanamke anafagia mbele ya lango lake na kumwagia vumbi maji. Mirolim alitembea katikati, shati limepakwa masizi, uso mwekundu. Mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na mama yake, kwa nguvu, kama mwizi. Oydin alikuwa nyuma yao hatua chache, kama inavyotakiwa, amebeba kikapu cha zabibu changa.

Mafagio yakasimama, moja baada ya jingine.

"Ee! Si Mirolim huyu?" alisema Sobira, mama wa mashine inayoimba. "Umerudi lini kutoka Urusi?"

Mirolim akafungua mdomo. Mama yake akamtangulia.

"Hakufika Urusi! Walimrudisha mpakani."

Sobira akabaki na ndoo hewani. Lango la pili likafunguka, la tatu, watoto wakatoka. Kila alipoulizwa, Bi Lutfiniso alijibu yale yale, na kila mara sauti yake ilipanda kidogo. Mara ya kwanza ilikuwa kama mtu anayemeza dawa. Kufikia msikitini ilikuwa kama mtu anayenadi. Hakufika! Yuko Nyumba ya Viwavi, anachoma nyama! Ndiyo, ile ile! Ndiyo, mimi mwenyewe nimekula humo, na bado niko hai, nuseni!

Na wakanusa. Ilikuwa haizuiliki, harufu imewashika nguo, imeshika hewa ya mtaa. Barno alikuwa langoni kwake na Robiya kiunoni. Alinusa mara moja, akamtazama mumewe aliyekuwa anaegesha gari bila kuinua kichwa, akanusa tena. Robiya akamnyooshea baba yake mikono, na Mirolim akamchukua, akauficha uso wake tumboni mwa mtoto, mabega yakamtikisika.

"Ndiyo ile nyama?" Barno aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Ndiyo yenyewe, Oydin? Mlifanyaje ule ukali?"

"Kesho," alisema Oydin.

Watu walikuwa wamewafuata mpaka langoni, wanasukumana, wanauliza: kesho saa ngapi, mnaandaa na qiyma, ile ya nyama ya kusaga, mtu akija na wageni sita anapata nafasi? Mzee mmoja aliapa kwamba tangu zamani alikuwa anasema jengo lile si baya. Bi Lutfiniso alimwingiza mwanawe na mjukuu, akamwingiza mkamwana wake, akageuka nyuma akiwa ameshika lango kwa mikono miwili.

"Kesho nendeni mkale mpaka mpasuke," aliuambia mtaa. "Leo ni wetu."

Akashusha komeo.